Sauti ya Mwisho wa Santuri

Kule dukani kwa miwani walimwita Bundi, naye hakukasirika hata kidogo. Kwanza miwani yake mwenyewe ilikuwa mikubwa kuliko ya wateja wote. Pili, kando ya mashine ya kusagia lenzi hakukosa riwaya ya kutisha, imelazwa kifudifudi, ikimngoja amalize kazi. Wenzake wakila chakula cha mchana huku wakisengenya, yeye yuko makaburini na mizuka yake, anatafuna taratibu, uso umetulia kama wa mtu anayesoma bei za sabuni.

Lakini usidhani alisoma kila kinachotisha. Damu hakuitaka. Mwandishi akimwaga damu ukurasa wa kwanza, Bundi alifunga kitabu, akasonya, akasema, "Huyu hana subira." Alichopenda yeye ni mlango. Mwandishi auonyeshe mlango, aupite, azungumzie chai, kisha arudi palepale mlangoni, moyo wa msomaji uwe juu juu. Na santuri alizichagua kwa kipimo kilekile. Alikuwa mgonjwa wa muziki wa kielektroniki, ule wa mashine tupu, usio na gitaa wala mwimbaji wa kulilia mapenzi. Aliuhusudu ule unaokuzungusha na mdundo mmoja mpaka ujiulize besi itaingia lini, na ikiingia unajikuta umeshasimama.

Nyumbani alikuwa na rafu yenye sheria yake: kila santuri ilisimama ubavuni mwa kitabu chake. Riwaya ya mlinzi wa makumbusho anayegundua kuwa sanamu zinanenepa ilikaa na santuri yenye milio ya matone ya maji. Mumewe, seremala, ndiye aliyeitengeneza rafu hiyo, na ndiye aliyekatazwa kuigusa. "Nimeoa maktaba ya mashetani," aliwaambia wageni, akicheka mwenyewe.

Santuri moja tu haikuwa na kitabu. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alimpa siku ya harusi: kubwa, nyeusi, karatasi ya katikati nyeupe pee. Mjomba alikuwa fundi redio, na ujanani aliunga mashine zake mwenyewe za muziki kwa nyaya na solda ya moto. Si mtu wa maneno. Alisema tu, "Utaisikiliza ukiwa umetulia."

Ilitisha hiyo santuri, acha! Mdundo ulijikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Kinanda kikaomboleza. Na mwishoni kabisa, mashine zote zikishanyamaza, ikatoka sauti nzito, ya tumboni, hoo, hoo, hoo, ya kiumbe ambaye hakuna mwandishi aliyewahi kumfikia. Bundi alitafuta kitabu cha kuiweka nayo mpaka akachoka. Kiumbe gani analia vile? Na mjomba alimtoa wapi?

Alimpigia simu kumshukuru. "Mjomba, ile sauti ya mwishoni! Mwili mzima unanisisimka. Kama jini anakata roho!" Kisha mjomba akasema ana mteja, akakata.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa salamu za mkato, na nyumbani kwa Bundi hakukanyaga tena. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Alichoachiwa ni mjomba huyo na picha moja: mama kafunga mdomo, anatazama pembeni. Watu walimwambia mama alikuwa mrefu, alikuwa na maringo kidogo. Hakuna aliyeweza kumwambia sauti yake ilikuwaje. Mjomba pekee ndiye angejaribu, lakini ukimtajia dada yake alianza kuzungumzia transista.

Bahati nzuri macho ya mjomba yakachoka. Solda ikawa inamwangukia vidoleni, akaagiza miwani. Bundi aliisaga lenzi kwa mkono wake, kisha akampelekea ujumbe kwamba dukani haipo, aifuate nyumbani. Hila tupu.

Alikuja Jumamosi mchana, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Bundi akamvisha miwani, akaikaza nyuma ya masikio, mumewe akaleta chai. Kisha akajikaza kisabuni.

"Mjomba, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi niambie ile sauti ni ya nani."

Akaiweka santuri kwenye gramafoni, akashusha sindano. Mdundo ukaanza kujikokota. Mjomba akakunja uso, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo mbele ya redio mbovu.

"Hii nini?"

"Santuri yako, mjomba."

"Hii siyo yangu." Akainuka, akainamia mashine na miwani yake mipya. "Nani kakwambia uipige kwa mwendo wa mizunguko thelathini na tatu?"

"Ni santuri kubwa, mjomba," Bundi alimweleza kwa upole wa mtaalamu. "Kubwa huenda polepole. Ndogo ndizo za arobaini na tano."

"Niliitengeneza kubwa ili besi ipate nafasi. Ni ya arobaini na tano hii!"

"Mimi si nilisema?" mumewe alidakia. "Siku ya kwanza nilisema, mbona kama betri zimeisha? Nikaambiwa sijui muziki!"

Mjomba hakucheka. "Kwa hiyo hujawahi kumsikia," alisema polepole. "Miaka yote nilijua umemsikia, ukasema ni jini. Nikaumia sana, mwanangu."

"Kumsikia nani?"

Akageuza kitufe cha mwendo, akairudisha sindano mwanzo. Chumba kikajaa dansi nyepesi, ya kurukaruka, ya watu wenye viatu vipya. Bundi alitamani ardhi ipasuke. Yeye, mjuzi wa santuri! Lakini aibu haikudumu, maana alikumbuka mwisho unakuja.

"Nilikuwa najaribu maikrofoni," mjomba alisema. "Mama yako alikuwa anapenda vitabu vya mizuka. Anavisoma, halafu anakuja kunisimulia nimeshika solda, makusudi, mpaka niungue. Siku hiyo nikaruka na kiti kwa woga. Mkanda wa kurekodia ulikuwa unazunguka."

Mashine zikanyamaza. Kikatoka kicheko cha msichana, chembamba, kinachojizuia, kinashindwa, kinavuta pumzi, kinaanza upya. Seremala aligeuka haraka akamtazama mkewe, akidhani ndiye aliyecheka. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanapita chini ya ile miwani mikubwa, na alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani.

Sindano ikabaki inakwaruza. Hakuna aliyekwenda kuinyanyua.

"Mjomba," Bundi alisema. "Siku ile alikuwa anakusimulia kitabu gani?"

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Safari hii akakaa hadi nyuma ya kiti.

"Jina nimelisahau," alisema. "Lakini kulikuwa na mlango."