Onja, Kisha Uteme

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Burgundia, Ufaransa, nimealikwa kutembelea mashamba ya zabibu. Nani kanialika, sijui. Mimi nalima zabibu zangu Dodoma, kashamba kadogo tu, na pombe huwa sinywi.

Mizabibu imepangwa mistari hadi inapotelea kwenye ukungu. Bwana mmoja mwenye suti nyeusi anapita katikati akiisomea matangazo ya vifo. Nikamuuliza sababu. Akasema mzabibu usipoteseka hautoi mvinyo wa maana, basi yeye ameajiriwa kuutesa. Mizabibu inalia kwa adabu, majani yameinama. Jina lililofuata lilikuwa la Nyemo, mke wangu, tuliyemzika masika yaliyopita. Mstari mzima ukazaa papo hapo.

Niliumia. Sura yake ninayo kwenye picha, lakini sauti imeanza kunitoka, na ukiniuliza leo ilikuwaje sitaweza kukwambia.

Nikageuka, shamba likawa ghala la chini ya ardhi. Pipa kubwa la mbao limekaa kwenye kiti. Nikaliamkia shikamoo, maana lilinizidi umri kwa mbali. Likaitikia marahaba, likanimiminia glasi ya mvinyo wa mstari ule.

"Onja, kisha uteme," likasema. "Anayemeza huwa wetu. Hatoki."

Nikaonja. Mdomoni mwangu Nyemo akasema, "Baba Wendo, umekula?"

Ni yeye hasa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Nataka kumjibu, mdomo umejaa. Nikiufungua anamwagika. Nikimeza sirudi nyumbani, na binti yetu Wendo bado mdogo, hana mwingine ila mimi. Nimesimama mashavu yamevimba, machozi yananitoka. Pipa limeshika ndoo, linasubiri. Halina haraka, mapipa yamezoea kungoja.

"Wenye watoto hutema," likasema.

Nikatema. Ndoo haikuwa na kitako. Mvinyo ukapita moja kwa moja, ukazama sakafuni, na sauti ya mke wangu ikaenda nao.

Nimeamka alfajiri, mdomo mkavu. Nikajilaza kimya nijaribu kuikumbuka ile sauti, nisipate kitu. Wendo alikuwa amelala ubavuni mwangu, macho kafumba, usingizi mzito. Akatabasamu.

"Nimekula, mama," akasema.