Na Wewe Pia

...Mwanaidi ana kwake Kabuku, kwa mume, ndivyo alivyosema baba mkubwa Zaidi, tena kwa upole kama mtu anayesifia, kisha akaendelea kumpa Sadala shamba la bondeni na Mustapha lile la juu, na yeye Mwanaidi, dada yao, huku uani amepiga magoti, anapepeta mahindi ya wageni wa arobaini ya baba yake, anamimina ungo baada ya ungo, lundo linapanda mkekani, chini pana, juu ncha... pia, mwalimu alilichora ubaoni akasema umbo hili ni pia, darasa zima likacheka, pia na nini, mwalimu?... mwanawe Ikram anaita koni, watoto wa siku hizi... na bondeni pale nani amelima, Sadala miaka yote yuko mjini, nani amepalilia hadi pia ya mguu inauma kila akipiga magoti, kama sasa... "Michungwa ibaki ya wote," anasema baba mkubwa, wote gani, wote wenye kanzu... utotoni, baba alirudi kutoka mashamba ya mkonge Ngombezi na kamba za katani mfukoni, akachonga pia, moja ya Sadala, moja ya Mustapha, zikazunguka uani zikivuma, naye akauliza, na mimi? Baba akamtazama, akacheka. "Na wewe pia," akamwekea ya tatu kiganjani, akarudia kwa raha ya mtu aliyeupenda mzaha wake mwenyewe, na wewe, pia... shangazi wakanuna, mtoto wa kike na pia wapi na wapi, baba akamwambia ichape, mwanangu, usiionee huruma, ukiacha kuichapa inalala... basi yeye amechapwa vya kutosha, na hajalala, halafu leo ana kwake, kwake kupi, talaka ya mwaka juzi wote wanaijua, wanajifanya wamesahau, hata dini ileile wanayosomea dua pale barazani inamhesabu kwenye mirathi, wao ndio hawamhesabu... alidhani ni msiba huu, kumbe ni hasira, na aiache, inamfaa... "Kuna mwenye neno?" anauliza baba mkubwa, anawauliza wanaume, mahindi yanamiminika, ncha inaporomoka, inajijenga tena, magoti yake yako palepale chini, ungo uko palepale mikononi, lakini neno analo, tena fupi, alipewa na baba mwenyewe, na safari hii atalisema kwa sauti ya kufika barazani, mimi pia.