Mwosha Maiti Mbele ya Bodi

Barua iliyomtoa Hawra jeshini ilikuwa na kurasa mbili, lakini kilichomkaa kooni kwa miaka saba ni maneno mawili tu ya ukurasa wa pili: "Anaficha. Haaminiki." Hayo mengine angeweza kuyameza. Kwamba aliondoka kambini bila ruhusa, kweli, aliondoka. Kwamba hafai kuendelea na utumishi, hayo ni maoni, na kila mtu ana haki ya kuwa na maoni ya kipumbavu. Lakini haaminiki? Hawra Gulamhussein, aliyekabidhiwa stoo nzima ya kambi na isipotee hata jozi moja ya soksi? Neno hilo lilimchoma kila alipofungua droo ya makaratasi, mpaka akaacha kuifungua.

Mwaka huu aliifungua kwa sababu ya kazi. Zimamoto wa uwanja wa ndege walikuwa wanatafuta msimamizi wa stoo, na Hawra, mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa amechoka kupakia viatu vya watu wengine katika maghala ya Downsview, Toronto. Kwenye usaili walimpenda. Kisha wakamwomba barua ya kuachishwa jeshi, naye akajua kazi hiyo ataisikia kwenye bomba, labda barua ibadilishwe. Ipo bodi ya watu watatu inayopitia maombi ya namna hiyo, na mwombaji huitwa kujieleza.

Aliyemwandikia ombi ni Anko Agnelo, mzee wa Kigoa kutoka Nairobi, karani mstaafu, anayewasaidia askari wa zamani bure katika chumba cha nyuma cha kanisa lake kule Mount Dennis. Alilisoma faili lote kimya, kisha akavua miwani.

"Binti, hapa pana shimo. Saa kumi na tisa. Umetoka kambini Ijumaa jioni, umerudi Jumamosi mchana. Wamekuomba maelezo, umeandika mstari mmoja: 'Nilikwenda kuosha maiti.' Maiti ya nani?"

"Ya mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Aliyekufa, Anko."

Agnelo alirudisha miwani machoni na kuandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, kwamba mwombaji hana la kuongeza kwa sasa. Lile "kwa sasa" alilitia mwenyewe, kwa matumaini.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka saba nyuma, Novemba, Hawra akiwa kambini mwendo wa saa mbili kutoka Toronto, alipigiwa simu na Masi Wajiha. Masi, kwa Makhoja, ni dada wa mama, na huyu ndiye aliyemlea Hawra baada ya mama yake kufariki. Ana miaka sabini na mitatu sasa, nywele nyeusi ti ambazo huapa ni Mungu aliyempa, na kwa muda mrefu amekuwa kiongozi wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake katika jumuiya yao. Siku hiyo alisema maneno mawili tu: "Njoo. Usiniulize."

Hawra hakuuliza. Alikwenda kwa sajenti wake kuomba ruhusa, na sajenti ndiye aliyeuliza. Nani amekufa? Ni nani wako? Kwa nini wewe? La kwanza Hawra alikataa kulijibu. La pili alijibu kweli, kwamba marehemu si ndugu yake, na kwa jibu hilo ruhusa ikafa palepale. La tatu alilinyamazia. Baada ya majina kuitwa jioni, aliingia kwenye gari lake akaondoka. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia alishawahi kuchelewa kurudi likizoni, hawakuhitaji la zaidi kumfungashia virago.

Watu wa Hawra hawamlazi maiti akasubiri Jumatatu. Mwanamke huoshwa na wanawake, mara tatu: kwa maji ya mkunazi, kisha ya kafuri, kisha maji matupu. Hayo yanajulikana na yeyote anaweza kuyasoma. Lakini anachokiona mwoshaji juu ya mwili ule hubaki chumbani mle. Mume hakisikii, mtoto wa marehemu hakisikii, na hakisemwi hata kwa mafumbo. Masi ana utaratibu wake wa kulilinda hilo. Wakimaliza kuosha huwakalisha wenzake jikoni, akawamiminia chai ya tangawizi kutoka chupa nyekundu, na mazungumzo yanayoruhusiwa hapo ni ya mapishi peke yake. Mtu akijisahau akaanza, "Masikini, mlimwona vile...", Masi humkata: "Sambusa zako unatia bizari nzima au ya kusaga?" Wanaongea sambusa mpaka ulimi upoe.

Sasa, kwa nini ilibidi awe Hawra, na si mwingine kati ya wanawake waliokuwa Toronto siku ile? Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo sajenti alitaka pafunguliwe, na ofisa baada ya sajenti, na sasa bodi. Nawe msomaji usinyooshe shingo, maana hata mimi sisemi.

Bodi ilikaa mwezi Februari katika chumba cha mikutano cha hoteli moja huko huko Downsview, chenye zulia la kahawia na birika la kahawa ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulikuwa hatari. Kushoto kwake aliketi mwanamke kijana aliyekuwa akiandika. Kulia aliketi mzee mmoja, ofisa wa zamani, mgongo umenyooka, ambaye kwa nusu saa hakutia neno.

"Tunaamini kwamba uliosha maiti," mwenyekiti alisema. "Tunayo barua ya Bi Wajiha, kwamba mlikuwa wote. Tatizo letu ni kuthibitisha dharura. Ilikuwaje asipatikane mtu mwingine?"

"Nilihitajika mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu ipo. Siwezi kuisema."

Mwenyekiti alizunguka akaja kwa mlango mwingine. Je, marehemu alikuwa na maradhi ya kuambukiza? Hawra akasema hawezi kusema. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Bi Gulamhussein, nataka kukusaidia. Ukitueleza, hata kwa sentensi moja, tunaweza kuandika kwamba uliondoka kwa sababu ya haki. Barua yote itabadilika. Milango imefungwa na jambo hili halitaingia kwenye kumbukumbu. Nakuuliza kwa mara ya tatu. Kwa nini wewe?"

"Siku ile pia milango ilikuwa imefungwa," Hawra alisema.

Agnelo alikohoa na kuomba dakika kumi.

Ukumbini Masi Wajiha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti la baridi limefungwa mpaka kidevuni, chupa nyekundu mapajani. Agnelo hakumngoja Hawra aketi.

"Binti, listen. Sentensi moja! Nimeandika maombi arobaini, sijawahi kuona bodi inamshikia mtu mlango wazi namna hii. Huyo mama amekufa miaka saba. Yeye haombi kazi uwanja wa ndege. Unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu, Anko."

"Basi unamkomoa nani? Mbona unajikata mwenyewe?"

Swali lilikuwa la haki. Aliitaka ile kazi. Aliitaka mpaka alishaanza kuhesabu dakika za basi kutoka kwake mpaka uwanja wa ndege. Na kuliko kazi, alitaka lile neno litoke kwenye jina lake, jina la marehemu baba yake, ambaye aliwahi kujivunia msikitini kwamba binti yake ni askari, wazee wenzake wakamcheka. Sentensi yenyewe alikuwa nayo tayari. Ilikuwa fupi. Ilikuwa imemjia hadi kwenye meno.

Ndipo Masi alipoiweka chupa sakafuni na kusimama.

"Nitasema mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuita. Nisingekuita, leo ungekuwa na vyeo hapa begani. Nimekula wali wangu miaka saba nikijua nimekuharibia maisha. Acha niingie niwaambie, na dhambi yake nitaibeba mwenyewe. Nimebakiza siku ngapi?"

"Masi, kaa."

"Usiniambie nikae. Mimi nimekufuta kamasi."

Masi alianza kwenda, na kwa umri wake alikwenda upesi. Hawra alimpita na kusimama mbele ya mlango, miguu imeachana kidogo, kama alivyofundishwa kusimama lindoni. Huyu ndiye mwanamke aliyemfundisha kumwagia maiti maji kuanzia upande wa kulia na kumwita kwa jina lake kama mtu aliye hai. Sasa alikuwa tayari kuyavunja yote kwa ajili yake. Hawra alimpenda kwa hilo, akamkasirikia kwa hilo hilo, na hasira ndiyo iliyotangulia kinywani.

"Ukiingia humu ukasema, Masi, siku yako ikifika mimi sitakuosha. Wallahi. Watakuosha wengine."

Agnelo ni Mkatoliki, lakini amekaa na Waislamu tangu Nairobi, na hakuhitaji kufasiriwa. Aliangalia viatu vyake. Masi alisimama pale pale. Hana mtoto wa kumzaa, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemwambia maneno hayo yakamfika. Akarudi kwenye kiti chake taratibu, akaiokota chupa, akaipakata.

Hawra aliingia ndani bila kumngoja Agnelo. Alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Mmeniuliza mara tatu," aliwaambia, "na mmeniuliza kwa wema, kwa hiyo nitawajibu kwa kirefu. Jeshi liliandika siaminiki. Leo mnataka nionyeshe kwamba naaminika kwa kuitoa siri ya mtu asiyeweza kunyanyuka kujitetea. Nikiitoa, mtakuwa na sababu yenu, barua itakuwa safi, na lile neno litakuwa limeanza kuwa kweli leo, saa tano na nusu, mbele yenu. Siitaki barua hiyo. Andikeni kwamba niliondoka bila ruhusa, ni kweli. Andikeni kwamba niliulizwa nikakataa kusema, ni kweli. Andikeni kwamba nikiitwa leo nakwenda tena, hata kama ningekuwa na vyeo mpaka kwenye viwiko. Lakini haaminiki mlifute. Hilo ni uongo, na nyinyi wenyewe mmelijaribu asubuhi nzima."

Yule mzee wa kulia alifungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Na kama ingekuwa amri? Tukikuamuru useme?"

"Mimi si askari tena, bwana. Mlinitoa."

Mwanamke kijana aliacha kuandika. Mzee aligeukia dirisha, na bega lake likacheza kidogo. Agnelo, aliyemfuata ndani, alishikilia baadaye kwamba lilikuwa ni kicheko. Hawra hakujali lilikuwa nini.

Jibu lilikuja Aprili. Ombi la kubadili aina ya kuachishwa limekataliwa, kwa kuwa dharura haikuthibitishwa. Hata hivyo, bodi inaagiza kwamba maneno "Anaficha. Haaminiki" yafutwe katika kumbukumbu zote, na barua mpya itolewe isiyo nayo. Wakati huo zimamoto walikuwa wameshampata msimamizi wao. Agnelo alipiga simu kusema wanaweza kuomba tena mwakani, ikiwa kutakuwa na maelezo mapya.

"Tutaomba tena," Hawra alimwambia. "Maelezo ni yale yale."

Jumapili aliipeleka barua Kingsview Village, ghorofa ya kumi na moja, kwa Masi Wajiha. Tangu siku ya bodi, miezi miwili, Masi alikuwa amezungumza naye kila wiki bila kukosa, na kila wiki alimzungumzia mapishi tu. Pilau. Maharage ya nazi. Namna ya kuzuia chapati isikauke. Hawra alielewa vizuri sana maana yake, naye alikuwa amejibu mapishi kwa mapishi, kwa sababu ukaidi alilelewa nao nyumba hiyo hiyo.

Masi aliisoma barua kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

"Nusu," alisema.

"Nusu, lakini yangu."

"Na kazi?"

"Wamempa mtu mwingine."

Masi alikunja barua, akaisukuma upande wa pili wa meza, akamimina chai vikombe viwili. Ndege ilipita juu ya jengo, wakaingoja imalize. Hawra alijiandaa kusikia habari za unga wa chapati.

"Hawra."

"Naam, Masi."

"Ile siku yangu." Masi alikuwa anatazama ndani ya kikombe. "Mimi siku ile sikusema. Nilirudi nikakaa. Uliona kwamba nilikaa?"

Miezi miwili mwanamke huyu alikuwa amelala na jambo hili na kuamka nalo, na yeye akimjibu habari za pilau.

"Nitakuosha mimi, Masi. Kwa mkunazi, kwa kafuri, na kwa maji matupu, na asikuguse mtu mwingine mpaka nimalize. Na hiyo rangi nitakayoikuta kwenye nywele, sitamwambia mtu."

Masi alitua kikombe. Mkono mmoja ulipanda wenyewe mpaka kwenye ukingo wa mtandio.

"Rangi gani?"

"Sijui," Hawra alisema. "Mimi sikuona kitu."