Tende Chini ya Kawa

…na kwenye fomu ya hospitali mahali pa kuandika uhusiano wangu na mgonjwa ni papana, mtu angeweza kumwaga humo miaka thelathini na moja ya ndoa, lakini saa aliyoanza kubadilika wameitengea kisanduku cha upana wa ukucha, na kalamu wameifunga kwa uzi mezani, serikali yachelea nisije nikatoroka nayo, "Mama, saa ngapi?" ananiuliza Gladys, muuguzi, mara ya pili hii, daktari ataka kujua ubongo ulikaa muda gani bila sukari, nami jana niliwaambia magharibi, nimemkuta kalala akikoroma, magharibi ni saa nzuri, haina lawama… Yaseen yuko nyuma ya pazia, mashine yampumulia, na bado wametaka nakala ya kitambulisho chake, mwenyewe hajitambui, karatasi itamtambua… nilimsomea kitabu cha fiqhi, mgonjwa ana ruhusa ya kula, akasema, "Zakiya, ruhusa si amri," akajidunga sindano yake ya kushusha sukari kama kila siku, akafunga… alasiri jasho likamtoka, akaniita Mwanabibi, jina la marehemu mamake, nikacheka, nikasema saumu imempanda kichwani, "Hata kwa kukisia, mama," asema Gladys, nakuja, mwanangu, nakuja… Yaseen akainua kawa juu ya sahani, tende zile pale, nimezitoa kokwa mwenyewe, akasema, "Nipe moja tu, Mwanabibi, moja," nami nikamshika mkono, nikamwambia bado, bwana wangu, jua lile, usije ukaiharibu siku nzima kwa tende moja… niliihurumia saumu yake, yeye sikumhurumia… nikarudisha kawa, akalala, nikashukuru kwamba amepumzika, nikenda kukaanga sambusa, na kule kukoroma nikakusikia tangu jikoni, nikasema alhamdulillahi, usingizi mzito… magharibi yawapa matumaini, na yanipa mimi pa kujificha, lakini watamtibu mtu wa magharibi, na mtu wa magharibi hayuko kitandani pale, aliyeko ni wa alasiri, aliyeomba… Gladys, kalamu mkononi, hajabandua macho, uzi umenyooka, kalamu haikifikii kisanduku, "Saa kumi," nasema, "ilikuwa saa kumi, jana niliwadanganya, na aliomba tende nikamnyima, liandike na hilo," "Hapana nafasi, mama," "Basi igeuze karatasi."