Kiapo Alichokikataa Mbithe

Mwaka ule wa ukame, elfu mbili, ng'ombe wakianguka hadi kando ya barabara ya Namanga, Mbithe alikuwa amebanwa huku na huku. Mumewe Munguti aliangukiwa na jiwe machimboni akavunjika mgongo, na tangu hapo ni Mbithe aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji wa wimbi kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma kilimgonga meno. Nayo ploti waliyoishi, nyuma ya Kitengela, ilikuwa ya shemeji yake, Mulwa. Wao waliwekwa kwa kijumba cha mabati, kwenye kona, karibu na choo.

Sasa Nthambi, mke wa Mulwa, mimba zake zilikuwa zinaharibika. Watu wakaanza kusema ni Mbithe. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hivyo anamwonea mwenzake wivu. Mimba ya mwisho ilipotoka, ni Mbithe aliyefua zile shuka kwa maji ya chumvi. Hata hilo likageuzwa ushahidi.

Mulwa akaita mzee kutoka Kitui alete kithitu, kile kiapo cha Wakamba. Unakipiga kwa vijiti ukisema huna hatia, na ukidanganya kinakumaliza wewe na watu wako. Hata wanakwaya wanakiogopa. Mbithe aape Jumamosi, la sivyo atoke na mgonjwa abaki. Kumbeba hangeweza, na kwao Makueni hakukuwa kumebaki mtu.

Aliyemwumiza zaidi ni mumewe mwenyewe.

"Apa tu, Mbithe," alimwambia akiangalia mabati. "Si huna hatia? Kitakufanya nini?"

"Hakitanifanya kitu."

"Basi?"

"Nikiapa kwa hicho Jumamosi, Jumapili nikuombee kwa jina la nani?"

Munguti akageuza uso ukutani. Uji akaukataa, ukapoa na kushika ngozi juu.

Jumamosi Mbithe alitoka na kitambaa chake cheupe cha kanisa na Biblia. Akaomba aape kwa Biblia. Mulwa akacheka kwa pua.

"Mungu wako anasamehe. Nani ataogopa kumdanganya? Hiki hakisamehi."

"Ndiyo maana siwezi kukishika, shemeji."

Nthambi akawageukia majirani. "Amekataa. Mmesikia wenyewe."

Mzee akakirudisha kithitu chake kwa gunia, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Mulwa alikuwa ameapa atamfukuza, lakini alipochungulia ndani na kuona vile ndugu yake amelala, akajua hakuna mwingine wa kumgeuza. Akaweka sheria nyingine: Mbithe atakaa, lakini siku atakayovuka geti, hata kama ni kwenda kanisani, hatarudi. Maji akawa anapitishiwa na jirani Mmaasai, Tabitha, mtungi ukisukumwa chini ya ua wa miiba. Tabitha angemsalimu kwa Kimaasai, takwenya, polepole, asije akasikika.

Kuomba nako kukawa taabu. Midomo ikisogea bila sauti, Nthambi alisema ananuiza uchawi. Akinyamaza kabisa, eti anapanga. Munguti naye hakumwongelesha. Alikula, akageuzwa, akafunga macho.

Jumapili upepo ulileta nyimbo za kanisa, vipande vipande. Mbithe alikuwa amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, akimpaka mumewe mafuta visiginoni, aliposikia Nthambi analia upande wa pili wa mabati, kilio cha mtu anayeziba mdomo kwa leso. Akafuta mikono. Akasimama, akaanza kuomba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Punguza sauti," Munguti akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aukatae ule uji. "Watasikia unamtaja Nthambi."

"Nataka wasikie ninachomwombea."

Akaendelea. Akamtaja tena kwa jina, akamwombea mtoto wa kubeba mgongoni, akamtaja na Mulwa. Upande wa pili kilio kikanyamaza. Jiwe likagonga paa, likaviringika, likaanguka nje. Mbithe akashtuka, akarudia pale alipoachia.

Munguti akamwomba amwinue kidogo kwa mto, naye afuate maombi.