Theluji Chini ya Maranda

Mwezi wa tatu mwaka jana nilirundika theluji nyuma ya kiwanda cha mbao, nikaifunika kwa maranda, kina cha magoti, yaikinge na joto, itungoje hadi mashindano ya kuteleza ya Februari. Kijiji kizima kilinicheka. Mimi Aune ndiye ninayetunza njia ya kutelezea kwa mbao za miguuni hapa Lehtomäki, na majira ya baridi yetu yameanza kutufanyia mzaha. Januari, mwezi wa kuganda kope, siku hizi inanyesha mvua. Chama chetu kilikuwa kimeshaamua kwamba tukikosa theluji mwaka huu, mashindano yatahamia mjini, kwenye ukumbi wa theluji ya mashine, na sote tulijua hayatarudi.

Aliyenicheka kuliko wote ni shemeji yangu Taisto, mume wa dada yangu. Anafuga farasi na anajua kila kitu. Kila akija kunywa kahawa alinifundisha kwamba hali ya hewa haijawahi kutulia tangu enzi za babu zake, na kwamba makelele haya ya theluji kupungua ni ya watu wa mjini wasio na kazi.

Wiki moja kabla ya mashindano, ardhi ikiwa nyeusi tupu, tulifukua. Upande mmoja theluji ilikuwa safi na ngumu. Upande wa pili palikuwa na tope. Maranda ya hapo yalikuwa yamezolewa. Nilijua farasi hutandikiwa maranda, nikaenda moja kwa moja kwa Taisto, nikawakuta farasi wake wamelalia maranda yangu.

"Yalikuwa yamekaa tu, shemeji," akasema. "Nilichukua trela mbili, mwezi wa saba. Nilidhani ni takataka za kiwanda."

"Na chini yake uliona nini?"

Akajikuna shingo. "Niliona peupe. Sikudhani kama ingefika Februari."

Nilikasirika sana. Nilitaraji njia ya kilomita mbili, sasa nilikuwa na theluji ya mita mia tatu. Nilirudi nyumbani nikalia, sioni haya kusema. Kisha nikapenga kamasi nikapanda darini kutafuta kadi yangu ya utotoni.

Kwetu kila mtoto wa shule hupewa kadi, akaandika humo tarehe na kilomita alizoteleza, na hakuna anayeitupa. Yangu niliipata. Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba nyingine, na dada yangu akanipa ya mumewe bila kumwambia.

Siku yenyewe tulitandaza theluji yote katika mzunguko mmoja mfupi. Kando yake nilifunga kamba, nikabana kadi arobaini kwa vibanio vya nguo, za wazee kwanza, za watoto wa leo mwisho. Waliokuwa wakingoja zamu walisoma. Sikumhubiria mtu. Kadi za zamani zilianza Novemba. Za karibuni zilianza Januari, na ya mwaka huu ilikuwa na jina la mtoto tu.

Taisto alisimama mbele ya kadi yake muda mrefu. Ulikuwa mwandiko wake wa alipokuwa na miaka tisa: tarehe sita Novemba, kilomita nne, na mama. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikayameza.

"Tulifika hadi ziwani," akasema polepole. "Mama alibeba supu ya njegere. Novemba, Aune. Nilisahau kabisa."

Akavaa mbao zake za kutelezea, akazunguka mara moja, akihema kama farasi wake. Kisha akaomba penseli, akaandika kwenye mstari wa mwisho wa ile kadi: mita mia tatu.

Jioni chama kilikutana kuupigia kura upya ule uamuzi wa kuhamia mjini. Mwenyekiti alipouliza nani anataka mashindano yabaki kijijini, mkono wa kwanza ulikuwa wa Taisto, na mingine ikafuata karibu yote.

"Maranda ya magotini yanatosha," Taisto akaniuliza mbele ya watu, "au tuweke hadi kiunoni?"

Theluji ilianguka mwezi uliopita, imechelewa, lakini tukairundika yote. Taisto alileta trela nne za maranda. Dada yangu ananiambia farasi sasa wanalalia majani makavu na wamenuna.