Hifadhi na Utoke

Usiku wa kuamkia jana niliota kwamba ni Jumatano tarehe tisa Oktoba, mwaka juzi, saa kumi na robo alasiri. Ndiyo siku mambo yote yalipoharibika, na kwenye ndoto yalikuwa yanajiandaa kuharibika tena, taratibu, kama watu wanaopanga viti vya mkutano.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda cha kamba. Mke wangu Kalekwa amelala ubavu, miguu imemvimba kwa ule ugonjwa wa moyo, na mikononi ana kigemu chake. Ni kile alicholetewa na binti yetu Holo kutoka Mwanza ili kulala kusimchoshe: kibao cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati, vitufe pembeni. Ndani yake kuna gemu la anga. Hakuna kupigana, hakuna mshindi, hakuna anayekufa. Unapanda chombo chako, unatua kwenye sayari, unachimba mawe, unatazama wanyama wa huko, unaondoka. Ukiwa wa kwanza kufika mahali, unapachagulia jina. Kalekwa alikuwa na sayari arobaini na moja. Moja aliiita Ugali wa Jana. Nyingine, yenye upepo usiokatika, aliiita Baba Holo Anakoroma.

"Leo nimepata moja ambayo sijaona mfano wake," ananiambia. "Kishike, Baba Holo, nitoke nje mara moja. Kikikuuliza chochote, kubali."

"Nikubali nini?"

"Chochote. Kubali tu, uone inavyokuwa mtu akikubali."

Anatoka kwa kushika ukuta. Kigemu kinaniuliza.

Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma kwangu ni kutafuna herufi moja moja kama muwa. Lakini lipo neno moja ninalolimeza kwa mkupuo, kwa sababu lilipakwa rangi nyekundu kwenye jiwe la mpaka, katikati ya shamba letu la Igombelo, mwaka tulipohamishwa kaya hamsini na tatu kupisha wanyama. Neno lenyewe ni HIFADHI. Na sasa lilikuwa kwenye kioo cha mke wangu. Hifadhi? Ndiyo. Hapana.

Wale wakubwa walipokuja na jiwe lao hawakuweka alama ya kuuliza. Safari hii ilikuwepo. Nikabonyeza Hapana, na nilibonyeza kwa nguvu.

Mpaka hapo si ndoto, hayo yalitokea kweli. Kalekwa aliporudi alikitazama kioo, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kwenye gemu kuhifadhi ni kukitunza ulichokipata kisipotee. Nilikuwa nimeifuta sayari yake kabla hajanionyesha.

"Ilikuwa nzuri?" nilimuuliza.

"Ilikuwa na mvua," akasema.

Aliitafuta siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu tukamzika.

Kwenye ndoto mambo yalikwenda tofauti kidogo. Nilipobonyeza Hapana, kitanda kilisema, "Sawa," kikaondoka.

Nikabaki juu ya mkokoteni wangu wa zamani. Tulikuwa angani. Ng'ombe wangu wawili walikuwa wamefungwa nira na kila mmoja amevaa kofia ya kioo, pembe zimetokeza kwenye matundu yaliyotobolewa vizuri. Wa kushoto anaitwa Mtendaji. Nilimpa jina la mtendaji wetu wa kijiji makusudi, ili nipate wa kumchapa bila kufikishwa kituoni. Wa kulia anaitwa Mpima Ardhi.

"Twende," nikasema.

"Hatuendi," akasema Mtendaji. "Mkoba wako umejaa. Hamna nafasi ya pumzi, na huko tuendako kila mtu anabeba pumzi yake."

Nikatazama. Kweli nilikuwa na mkoba mgongoni wenye mifuko ishirini. Mfuko wa kwanza ulikuwa na barua niliyoandikiwa na jirani kwenda wilayani, ambayo haikujibiwa. Wa pili, barua ya kuulizia ile barua. Wa tatu, kikohozi cha mwenyekiti wa kijiji, kile alichokohoa siku nilipomuuliza ni nani alitia saini tuhamishwe. Mifuko mingine kumi na saba ilikuwa na mambo ya namna hiyo hiyo, yamekunjwa vizuri.

"Tupa," akasema Mtendaji.

Nikatupa barua. Zikaelea pembeni yetu, bado hazijajibiwa.

"Na kikohozi."

"Hicho bado nakitumia."

"Unakitumia lini?"

"Kila siku, nikiamka."

"Basi kipumue."

Nikajaribu. Hakipumuliki. Nikakiachia, kikaenda kinakohoa kati ya nyota hadi tukaacha kukisikia. Mpima Ardhi, ambaye hajawahi kusema neno tangu nimnunue, akasema, "Afadhali."

Tulipofikisha mifuko tisa mitupu, pumzi ikaingia yenyewe. Ilinukia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Ng'ombe wakavuta.

Tunatua kwenye sayari ya Baba Holo Anakoroma. Upepo wake ni mkoromo wangu mwenyewe, niliutambua mara moja, una ile sehemu ya katikati unapokwama. Hapo nikakuta jiwe limekaa.

"Mwangaluka," likanisalimu, kwa Kisukuma kizuri kabisa, maana yake umeamka.

"Hapana," nikalijibu. "Bado nimelala. Naitafuta sayari ya mke wangu, ile niliyokataa kuihifadhi. Zilizofutwa zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote," likasema jiwe. "Zipo palepale zilipokuwa. Kinachoondoka ni orodha."

"Hayo ndiyo niliyowaambia watu wa wilaya kuhusu Igombelo."

"Wakasemaje?"

"Walisema Igombelo haipo kwenye orodha."

Jiwe likatikisa kichwa. Sijui lilitikisa nini, lakini nilielewa. "Pita nyuma yangu," likasema, "na uiname. Huwa watu hawainami, ndiyo maana hawaioni."

Nikapita nyuma yake, nikainama, na nilipoinuka nilikuwa nimesimama kwenye mvua.

Mvua ya huko inatoka chini kwenda juu. Inachipuka ardhini, inakulowesha nyayo kwanza, halafu magoti, halafu kidevu. Jua lake ni betri. Imekaa ubavu juu ya vilima, na ndani yake umebaki mstari mmoja mwekundu.

Kalekwa yuko kwenye tuta la viazi. Miguu yake haijavimba. Amejifunga ile khanga tuliyomzika nayo na anapalilia. Kila anapong'oa gugu, gugu linamwambia, "Asante, nilikuwa nimebanwa," na kwenda kujipanda mbali.

"Umechelewa," akaniambia, bila kuinua kichwa.

"Sikujua njia."

"Ulikuwa nayo mkononi. Shika upande huo."

Nikashika upande huo. Tukapalilia. Juu ya paa la nyumba alikuwa ameanika michembe, nikamwambia italowa. Akasema mvua ya huku inatoka chini, kwa hiyo juu ya paa ni pakavu siku zote, na kama ningepata akili hiyo mapema tusingeozesha magunia mawili ule mwaka wa mvua nyingi.

"Ule mwaka tulikosa turubai," nikasema. "Lilikuwa limechukuliwa kwenye mkutano wa mwenyekiti."

"Baba Holo. Mimi nimezungumzia michembe. Huyo mwenyekiti kaingiaje kwenye michembe yangu?"

Nikang'oa gugu, likanishukuru.

"Siku ile ulikasirika?" nikamuuliza.

"Siku ipi?"

"Nilipobonyeza Hapana."

"Nilijua unalichukia hilo neno. Ningekupa kigemu kikiwa kimezimwa. Kosa langu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini hilo ni neno tu. Hata 'mume' ni neno, na nimelivumilia miaka thelathini na nne."

Hapo nikaamua kwamba sitoki. Niliona mahali pa kuweka zizi. Nilimwita Mtendaji aje aone majani, akaja, akayaonja, akasema yanafaa.

Ule mstari mwekundu kwenye jua ukaanza kuwaka na kuzimika.

Akatokea askari wa hifadhi. Alikuwa na sare ya kijani, kopo la rangi nyekundu, na brashi. Badala ya uso alikuwa na kioo, na kwenye kioo nilijiona mwenyewe nimelowa mpaka kidevuni. Shati lake lina mifuko miwili kifuani. Mmoja umeandikwa Ndiyo, mwingine Hapana.

"Hifadhi na utoke?" akaniuliza.

"Nihifadhi, nisitoke," nikasema.

"Hiyo haipo. Ni Hifadhi na Utoke, vimeandikwa pamoja. Aliyehifadhi anatoka. Ni kanuni."

"Nani kaiandika?"

"Wa juu."

"Hapa ndiyo juu. Mimi nimepanda mpaka nikaishiwa."

Akaelekeza kioo chake angani. Kulikuwa na nyota tu. "Juu zaidi," akasema, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye na yeye hajawahi kuwaona.

"Na nisipobonyeza chochote?"

"Jua linazimika, inafutika kama mara ya kwanza. Matuta, mvua, na aliyemo." Akachovya brashi. "Sina haraka. Ila jua linayo."

Nimebeba ubishi na watu wa sare hiyo miaka tisa. Nina maneno yangu niliyoyapanga, ninayatamka peke yangu nikienda kisimani, na yalikuwa yamebaki katika ile mifuko kumi na moja. Nilianza la kwanza. Kalekwa akaniwekea mkono mdomoni. Mkono wenyewe ulikuwa na udongo.

"Mvumilie na huyu," akasema. "Ameagizwa."

"Nikibonyeza Ndiyo nitakuwa nimekubaliana nao."

"Utakuwa umekubaliana na mimi. Nilikwambia kikikuuliza, ukubali. Wao walikuwepo chumbani?"

"Hawakuwepo."

"Basi."

Mstari ukazimika, ukakaa umezimika muda mrefu, ukawaka tena kwa shida. Vilima vya mbali vilikuwa vimeshakuwa karatasi tupu. Gugu moja lilikimbia likaja kujificha chini ya khanga yake.

"Lazima iwe na jina," akasema askari. "Bila jina haihifadhiki."

Kalekwa akamsogelea, akamnong'oneza upande wa kioo. Askari akatingisha mabega. Mpaka leo nasema alikuwa anacheka. Akaandika kwenye fomu yake.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Si unajua kusoma? Utasoma."

"Kwa kutafuna."

"Tafuna. Huna safari."

Nikamtazama vizuri, kuanzia nyayo, nikipanda na mvua. Nilitaka kusema kitu ambacho mtu husema. Nikasema, "Usianike upande wa zizi, Mtendaji ni mwizi."

"Namjua," akasema.

Nikauweka mkono wangu kwenye kifua cha yule askari, mfuko wa kulia, nikabonyeza Ndiyo. Safari hii nilibonyeza polepole.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani ameshamaliza zamu yake. Sikuwa na machozi wala nini, nilikuwa na kiu tu.

Kigemu kilikuwa juu ya sanduku la nguo, kilipokaa tangu msiba. Hakijachajiwa mwaka mzima na zaidi. Kioo chake kilikuwa kinawaka.

Nilivaa miwani nikaanza kutafuna. Mstari wa juu ulinichukua muda: I-me-hi-fa-dhi-wa, leo, saa kumi na mbili kasoro tano asubuhi. Chini yake ni jina la sayari. Nililirudia mara tatu kwa sababu sikuamini mdomo wangu. Hatoki Mtu.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Waliomo, 1.

Nikampigia Holo. Akasema, "Shikamoo baba, mbona mapema." Nikamsomea. Akaniambia nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia.

"Mchezaji akishatoka huwa inaandika sifuri, baba," akasema. "Siku zote ni sifuri. Wewe umetoka?"

"Nimetoka. Niko hapa kitandani."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ni moja."

Nikanawa uso, nikafunga kigemu kwenye kitambaa, nikaenda nacho kwa miguu hadi ofisi ya hifadhi. Bwana mkubwa wa pale alinikaribisha kiti, hilo sikatai. Nikamwekea mezani. Akasoma, maana yeye anasoma upesi. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akasoma tena, akaita msaidizi wake naye akasoma. Nikawauliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida. Wakatazamana, wakasema litapelekwa juu. Leo nimemuuliza mtendaji, akakumbuka ana kikao. Nimemuuliza mwenyekiti, akakohoa. Sasa nakuuliza wewe unayesoma hapa, labda umesoma kupita darasa la tatu: kama mtu mmoja anaweza kubaki ndani, analima, anaanika michembe yake, na sayari nzima ikahifadhika vizuri, sisi wa Igombelo tulitolewa kwa nini?